Fedha ya Baba na Chumba Chake

Madison, Wisconsin
3 Januari 2023

Baba mpendwa,

Mlio ule haujanitoka masikioni. Siku ya Krismasi, tulipomaliza samaki wa kulowekwa magadi na chapati za viazi za Shangazi LaVonne, ulitoa mfukoni sarafu ya fedha, ukaiweka kwenye ncha ya kidole, ukaigonga kwa uma. Ulikuwa mlio mwembamba, mrefu, usiotaka kwisha. Wewe hukuusikia. Nilikuwa nakuangalia. Ulitutazama nyusoni, mmoja baada ya mwingine, ili ujue umeisha lini. Shangazi alipoinua kikombe chake ndipo ukasema, "Mmeisikia? Hiyo ndiyo fedha. Makaratasi hayalii hivyo."

Feni za maghala ya nafaka ya ushirika zimekula masikio yako, ndiyo maana tunaandikiana. Kwenye simu wewe unapiga kelele na mimi nakata.

Uliniuliza jikoni, umenipa mgongo, kwa nini ada ya kuhifadhi inapanda kila mwaka. Nimeisoma ile taarifa ya Oktoba uliyonipa. Jibu ni rahisi na halitakufurahisha. Ulipoitoa akiba yako ya uzeeni kwenye hisa ukanunua sarafu za fedha, sheria ilikuruhusu kwa sharti moja: isikae kwako. Lazima ikae kwenye ghala lililoidhinishwa, na la kwako liko mbali, jimboni Delaware. Ghala hutoza nafasi. Dhahabu ya thamani ile ingeenea kwenye boksi la viatu, lakini fedha yako ni makasha kumi na manne. Tena ulichagua rafu ya peke yako, sarafu zako zisichanganywe na za watu, na hiyo hutozwa zaidi. Na kwa kuwa akaunti haina tena pesa taslimu, wanauza sarafu zako chache kila mwaka ili wajilipe. Fedha yako inajila yenyewe, Baba, taratibu, kwa adabu.

Hamia rafu ya pamoja. Sarafu ni sarafu. Au uza kasha moja au mawili, uwe na pesa mkononi.

Vaa kofia ukitoka.

Binti yako,
Signe

*

Nordby, Minnesota
14 Januari 2023

Signe,

Barua imefika. Huku ni nyuzi thelathini chini ya sifuri. Betri ya gari imekufa, mimi bado.

Unasema sarafu ni sarafu. Hayo ni maneno ya mtu ambaye hajapeleka ngano yake ghalani. Mimi nilikuwa napima ngano. Mkulima analeta ngano safi, kavu, ameipepeta mpaka usiku. Naimwaga shimoni. Nyuma yake anakuja mvivu mmoja na ngano yenye magugu na unyevu, naimwaga shimo lilelile. Yule wa kwanza akirudi kuchukua mbegu, anapewa ya nani? Anapewa ya shimo. Nimeona wanaume wazima wakiisugua kiganjani, wakainusa, wakaondoka. Nimewachanganyia watu ngano yao maisha yangu yote. Ndiyo maana nalipia rafu yangu. Usiniambie sarafu ni sarafu.

Lakini ng'ombe ukimpeleka kwa jirani akulishie, Jumapili unaweza kwenda kumtazama. Hii nimeilipia kitanda miaka kumi bila kuona hata uso wake.

Sasa nikuulize kitu, msomi. Kuna mtu hapa, simtaji jina. Ameona tangazo kwenye gazeti la wakulima. Linasema afungue kampuni. Akaunti inamiliki kampuni, kampuni inamiliki fedha, na kampuni ina haki ya kuweka mali yake popote, hata nyumbani kwa meneja wake. Meneja ni yeye. Ada ya ghala inakufa hapohapo. Je, mtu huyo amekosea? Na kama amekosea, anaweza kurudi nyuma?

Jibu kwa lugha ya watu walio hai. Kilatini chako kiache hukohuko chuoni.

Baba

*

Madison
20 Januari 2023

Baba,

Huyo mtu ni Orville Brekke. Hukuwa na haja ya kumficha, hakuna mwingine Nordby anayeweza kusoma tangazo kama lile na asicheke.

Mwambie Orville hivi. Kampuni yake ni kinyago. Mwenye akaunti akiishika fedha mkononi, akiiweka chini ya kitanda chake au kwenye zizi lake, sheria inasema ameitoa akibani. Yote. Thamani yake yote inahesabiwa kuwa kipato chake cha mwaka ule mmoja, na yote inatozwa kodi. Mahakama imeshasema hivyo kwa watu waliojiona wajanja kuliko yeye. Kwa ajili ya kukwepa ada ya mia chache anatoa zaidi ya robo ya mali yake. Huwezi kumsaidia mtu wa namna hiyo. Wanaotangaza wanamjua: mzee, mkaidi, hamwamini mtu yeyote isipokuwa mgeni anayemwambia asimwamini mtu yeyote.

Kuhusu kurudi nyuma, njia ipo, sheria humpa mtu muda. Lakini sioni sababu ya kumwandikia Orville mambo ambayo hatayasoma. Mwache alipe.

Kuna jambo jingine, na nimelizunguka wiki nzima. Umeandika kwamba umeilipia fedha kitanda. Mama naye alikuwa na kitanda. Baada ya kiharusi, pale kwenye kituo cha mazoezi ya tiba, alikuwa ameanza kusimama. Bima ilipoishia, kila siku ikawa na bei yake, ukamrudisha nyumbani. Uliniambia, "Hela hakuna, Signe." Nilikuamini. Nilikuwa na mitihani. Baada ya wiki tatu alianguka kati ya kitanda na choo, akiwa peke yake, na hakuamka tena.

Wakati ule fedha ilikuwa Delaware. Ilikuwa na rafu yake ya peke yake, mlinzi wake, na bima yake isiyoisha. Kasha moja, Baba. Kwa nini hukuuza hata kasha moja?

Signe

*

Nordby
26 Februari 2023

Signe wa shangazi,

Najua mnaandikiana wenyewe kwa wenyewe na mimi sijaalikwa, lakini nitaingia bila kubisha hodi. Mimi ndiye ninayepika.

Kaka yangu hajaongea na mtu tangu barua yako ya Januari. Jumatano tulikuwa na supu ya Kwaresima kanisani, akala amesimama karibu na mlango kama farasi. Mchungaji akamwuliza, "Delbert, mgongo vipi?" Akajibu, "Bado uko nyuma." Kumbe mgongo kweli ameuumiza, na sasa nakwambia ameuumiza kwa nini.

Orville Brekke? We mtoto una macho kweli? Orville hana fedha hata ya kijiko. Ananywea kahawa kwenye kikombe cha benki iliyofungwa.

Wiki ya kwanza ya Desemba lori lilisimama kwa Delbert. Nilikuwa dirishani kwangu, sikuwa napeleleza, nilikuwa naosha vyombo kwa muda mrefu. Dereva anashusha kasha, anapumzika, anashusha jingine. Akasema, "Mzee, umeagiza mawe?" Delbert akasema, "Boliti za trekta." "Mbona huna trekta?" "Ndiyo maana boliti ni mpya." Akayateremsha yote mwenyewe kwenye chumba cha chini, mtu wa miaka sabini na moja. Siku ya pili akaniletea nyama yote ya kulungu, eti friza limekufa. Nikajaza la kwangu mpaka mfuniko haufungi. Juzi nimeteremka kumtafutia kitambaa cha kuchua mgongo. Friza ni zima kabisa. Linanguruma. Limejaa makasha, na ameliwekea kufuli. Lilikuwa wazi kwa sababu alikuwa ameketi mbele yake kwenye kiti cha kukunja, anazitazama.

Kwa hiyo Krismasi tulikula samaki juu yake, na ile sarafu aliyoigonga ilitoka humo. Alikuwa anatuambia, Signe. Ndivyo anavyosema mambo yule.

Na barua yako alinionyesha. Aliniwekea mezani akaenda kukwangua theluji mahali pasipo na theluji. Umemwandikia kwa ukali, na sisemi hukuwa na haki. Lakini nakupa kilichobaki, maana mimi sitaishi milele na sitaki kwenda nacho.

Delbert anaamini Arlys, mama yako, aliomba mwenyewe kurudi nyumbani. Na kweli aliomba. Nilikuwepo. Lakini asubuhi ile kaka yangu alisimama koridoni akiongea na mwuza fedha kwenye simu, anauliza akiuza kasha moja atapata ngapi. Akatajiwa bei. Unamjua akiwa kwenye simu. Alinguruma, "Kwa bei hiyo? Nimewaibia nini? Siuzi!" Wauguzi walisikia. Mzee wa chumba cha mwisho alisikia, na yeye ni kiziwi kumshinda Delbert. Mama yako alikuwa mlango wa pili. Nilipoingia alikuwa amegeukia ukuta. Akasema, pole pole, maana ulimi ulikuwa bado mzito, "LaVonne, mwambie Delbert nataka nyumbani."

Nikamwambia. Akafurahi! Akaenda kununua mashuka mapya.

Hajui kama alisikika. Miaka mitatu sijamwambia. Na wewe usimwambie, nakuomba kwa jina la mama yako. Lakini hiyo habari ya kodi, kama ulivyoandika ni kweli, mwokoe. Nyumba ile ndiyo kitu pekee alichobakiwa nacho, ukiacha mimi, na mimi hanihesabu.

Kula vizuri. Nakutumia vitafunio vya shayiri kwa posta.

Shangazi yako,
LaVonne

*

Madison
2 Machi 2023

Baba,

Huyo mtu ni wewe.

Nakuuliza jambo moja tu na nataka tarehe, sitaki mzaha. Makasha yalifika lini?

Nakwambia kwa nini. Ile njia ya kurudi nyuma niliyokataa kuieleza ni hii: mtu aliyeitoa fedha ana siku sitini za kuirudisha, na akiirudisha ndani ya siku hizo, ni kama hakuitoa. Hakuna kodi. Hakuna chochote. Kama ilifika wiki ya kwanza ya Desemba, basi siku uliponiuliza bado ulikuwa na muda. Siku nilipokujibu bado ulikuwa na muda. Ilihitaji sentensi moja, na niliona tamu zaidi kumcheka Orville.

Sasa muda umekwisha. Nimesoma kila kitu, nimempigia mtaalamu hapa chuoni, ameniambia hamna mlango. Kilichobaki ni kuitaja. Ritani yako ya kodi ya mwaka jana iko mezani kwangu kama kila mwaka, nasubiri karatasi zako tu. Tukiitaja, kodi itakula makasha manne, labda pungufu kidogo. Kwa hayo manne ungelipia ghala la Delaware kwa miaka hamsini. Ungekuwa na umri wa miaka mia na ishirini na moja, na fedha yako ingekuwa ingali rafuni.

Tusipoitaja, watu wa kodi wataijua. Msimamizi wa akaunti kila mwaka hutoa hesabu ya kilichomo, na kampuni za namna hii ndizo wanazozitafuta. Itakuwa mwaka ujao au baada ya miaka mitano. Wakati huo watadai kodi, faini, na riba ya kila mwezi uliokaa kimya. Makasha hayatatosha. Watashika nyumba.

Sitaki upoteze nyumba. Hicho ndicho ninachokitaka, Baba, hata kama sijui kukiandika kwa upole.

Tarehe, tafadhali.

Signe

*

Nordby
11 Machi 2023

Signe,

Tarehe saba Desemba.

LaVonne ana mdomo mkubwa kuliko mlango wa ghala, nimemwambia hivyo, akanipa supu.

Unadhani mimi mjinga. Sikulifuata tangazo kama kuku anayefuata punje. Nililiweka kwenye Biblia mwaka mzima. Yule mtu wa tangazo aliniandikia mara nne, kwa mkono, na kila mara aliuliza habari za mgongo wangu. Wewe huulizi. Nilimwambia shida yangu si ada. Ada niliilipa kila mwaka bila kulia. Shida ni kuwa na kitu mahali nisipoweza kwenda. Mama yako alipokufa, kila kitu changu kilikuwa mahali nisipoweza kwenda. Yeye kaburini, wewe Madison, fedha Delaware. Nikaona kimoja kati ya hivyo vitatu kinaweza kurudishwa.

Kampuni niliipa jina. Ni Arlys. Kwenye makasha kuna karatasi, imeandikwa Arlys, mmiliki. Nikiteremka asubuhi nasoma hilo kwanza. Cheka sasa.

Uliniuliza kwa nini sikuuza kasha. Nitajibu mara moja. Niliuliza bei, ilikuwa bei ya kutukana. Nikasema nitasubiri wiki mbili ipande. Kabla wiki hazijaisha mama yako akaomba mwenyewe kurudi. Alimtuma LaVonne. Hakuwa amelazimishwa na mtu, alitaka nyumba yake na dirisha lake. Hilo ndilo jambo pekee la mwaka ule ambalo nililifanya sawasawa: aliomba nikampa. Usiniguse hapo.

Sasa sikiliza. Karatasi zangu zimo humu: pensheni ya ushirika na ile ya serikali. Jaza hizo mbili kama ulivyojaza miaka mingine, basi. Friza halisemi. Nikifa, utakuta makasha kumi na manne, yote yako, utafanya unavyotaka, hata ununue Kilatini chote. Ukiitaja sasa, nitalazimika kuuza manne kwa bei ya kutukana ileile, na kilichobaki sijui kama kitanifikisha. Sijawahi kuuza hata sarafu moja kwa hiari yangu. Sitaanza kwa sababu ya karani.

Ukiitaja, usije tena kula mezani kwangu. Sisemi kwa hasira. Nakwambia ujue bei kabla hujanunua.

Baba

*

Madison
29 Machi 2023

Baba,

Barua yako imekaa nami siku nyingi. Niliibeba darasani, nikaibeba sokoni, nikaisoma nimesimama kwenye foleni ya mkate mpaka mwuzaji akaniuliza kama nimefiwa.

Kuhusu Mama sitakuuliza tena. Ulimpa alichoomba. Nimeliacha hapo, na hutasikia neno jingine kutoka kwangu.

Kuhusu mgongo wako: vipi mgongo? Ulisema siulizi. Ni kweli. Nimeangalia barua zangu zote, ninazo nakala, na sikuuliza hata mara moja. Yule wa tangazo aliuliza mara nne. Kwa hiyo alilipwa, na mimi nimelipwa vilevile, kila mtu kwa alichokitoa. Naliandika hili bila kuomba huruma. Naona tu kwamba mtu aliyekuibia alikuwa amejifunza kukuandikia vizuri kuliko mimi.

Nimejaribu kujua kwa nini ninataka kuitaja. Ningependa iwe ni kwa ajili ya nyumba, na nyumba imo. Hesabu nimezifanya mara nyingi, na kila mara zinatoka vilevile: ukisema sasa unabaki na makasha kumi na paa juu ya kichwa chako, ukinyamaza unabaki na friza lenye kufuli na siku moja hata friza wanalichukua. Lakini mimi ni mtu wa kujichimba, unanijua, na nilipochimba zaidi nilikuta kitu kingine. Nilikuta kwamba ninataka uuze. Ninataka uchukue kasha, ulipeleke mjini Fargo kwa mnunuzi, usikie bei, ukubali. Mara moja tu katika maisha yako, kwa bei yoyote watakayokutajia. Nilikaa na jambo hilo jioni nzima bila kuwasha taa. Sikulipenda. Nilidhani likinitia aibu ya kutosha nitaacha.

Shangazi alinipigia Jumapili. Akasema, "We Signe, usimfanyie kaka yangu kitu nyuma ya mgongo." Nikamwambia, "Mgongo wake si unauma, Shangazi? Basi nitamfanyia mbele." Hakucheka. Akasema, "Ukitaka kumwokoa mwokoe. Ukitaka kumpiga mpige. Usifanye vyote viwili halafu ukaviita jina moja." Nimefanya vyote viwili.

Tangu mwaka aliofariki Mama, aliyekuwa akikujazia, nimekuwa na namba yako ya siri ya ritani. Ulinipa kwa mkono wako, kwenye kipande cha bahasha, ukasema, "Sasa wewe ndiye Arlys wa karatasi." Jana, Jumanne asubuhi, niliketi, nikaandika pensheni ya ushirika, nikaandika ya serikali, kisha nikaandika fedha yote kwa bei ya siku ilipokufikia, tarehe saba Desemba, kama ulivyoniambia mwenyewe. Nikaweka namba yako. Nikaituma.

Saa sita mchana jibu lilirudi kwamba imepokelewa. Una mpaka tarehe kumi na nane Aprili kulipa. Kiasi nimekiandika nyuma ya ukurasa huu, pamoja na simu ya mnunuzi wa Fargo. Nimempigia, anakusubiri wiki ijayo. Atakuja mwenyewe na gari ili usibebe.

Pasaka sitakuja. Nimeshamwambia Shangazi aandae sahani moja pungufu.

Signe